Mwalimu Tobias Ngumbau: Miaka Thelathini na Moja ya Kulenga na Kuhubiri

Ifikapo tarehe 31 Agosti mwaka huu wa 2025, Bwana Tobias Ngumbau, mwalimu wa upinde wa Hoteli ya Mwambani hapa Diani, atastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na moja na miezi mitano. Ameomba wasifu wake uwe mfupi. Ombi limesikika. Lakini mtu ambaye hajawahi kumaliza somo lolote kwa wakati wake hana haki ya kuwadai wenzake ufupi, na kamati ya jarida la hoteli imekubaliana nami katika hilo.

Mimi ninayeandika ni Khamisa Mwakulola, mkuu wa idara ya udobi. Nimefanya kazi na Tobias tangu siku yake ya kwanza, na katika miaka yote hiyo kuna miezi saba ambayo hatukusemezana. Nitaieleza, kwa idhini yake. Alinipa idhini hiyo kwa shingo upande, ila alinipa.

Tobias alizaliwa Kibwezi mwaka 1965. Alifika Diani Machi 1994 akaajiriwa kuwa mtunza bustani. Wiki hiyo hiyo meneja wa wakati ule alikuwa amenunua pinde sita ili wageni wapate mchezo mpya, na alihitaji mtu wa kuwafundisha. Akatukusanya wafanyakazi wote uani, akauliza ni nani hapa Mkamba. Tobias akainua mkono, akidhani kuna barua yake kutoka nyumbani. Hapo hapo akafanywa mwalimu wa upinde, kwa kuwa meneja alikuwa amesikia mahali kwamba Mkamba huzaliwa na upinde mkononi. Ukweli ni kwamba Tobias alikuwa hajawahi kuushika. Babu yake ndiye aliyekuwa mwindaji. Yeye alisomeshwa na wamisheni, na alichokijua ni jembe na katekisimu.

Mshale wake wa kwanza niliushuhudia. Ulipita juu ya kibao cha shabaha, ukavuka ua wa michongoma, ukatoboa shuka mbili tulizokuwa tumezianika. Baada ya muda Tobias mwenyewe akatokea, kofia mikononi, akasimama mbali akauliza kama kuna mtu yeyote nyuma ya hizo shuka. Nilimwambia yupo, na amekasirika. Ndivyo tulivyojuana.

Hakukata tamaa. Kila siku aliamka kabla ya wageni, akajifunza peke yake mpaka mkono ukatulia. Na kwa kuwa ni mtu wa kusoma, alitafuta msaada kwenye kitabu pekee alichokuwa nacho chumbani, yaani Maandiko Matakatifu ya dini yake. Alimsaka kila mpiga upinde aliyemo, akitumaini kwamba mmoja wao angemwambia miguu inawekwa wapi. Hakuna aliyemwambia. Alipata mambo mengine badala yake, na sisi ndio tuliosikilizishwa kwa miaka thelathini na moja.

Kwa faida ya wafanyakazi wapya nitaeleza somo la Tobias linavyokwenda. Mgeni analipia saa moja ya upinde. Dakika kumi za mwanzo ni za usalama, na hapo Tobias ni mkali kama afisa wa uhamiaji. Baada ya hapo mgeni anavuta, anafyatua, na mshale wake unakwenda kuchoma kibao cha jirani. Basi Tobias anapata nafasi yake. Anamsimulia habari za mfalme mmoja wa Israeli aliyekwenda vitani amejibadilisha mavazi ili asijulikane. Akatokea askari mmoja, ambaye hata jina lake halikuandikwa, akavuta upinde wake kwa kubahatisha tu. Mshale ukampata yule mfalme mahali padogo ambapo deraya yake, vazi la chuma la vitani, iliungana. Mgeni anafurahi kusikia kwamba hata kubahatisha kuna nafasi yake mbele za Mungu. Kisha anatazama saa, anaona imebaki robo.

Au mgeni anachoka mapema, anaweka upinde chini baada ya mishale mitatu. Huyo anapewa habari ya mfalme mwingine, ambaye nabii mgonjwa alimwambia achukue mishale apige nayo ardhi. Mfalme akapiga mara tatu akaacha. Nabii akakasirika, akamwambia angepiga mara tano au sita angewashinda adui zake kabisa. Habari hii Tobias ameitumia pia kwa Mwero, mpishi wetu wa chakula cha wafanyakazi, kila anapopakua vijiko vitatu vya wali.

Mwaka 2003 alikuja mgeni mmoja, padri Mgiriki, akamwambia kwamba katika Kigiriki cha Maandiko neno linalotafsiriwa kuwa dhambi lilikuwa na maana ya kukosa shabaha. Sijapata kumwona Tobias akifurahi vile, hata siku ya harusi yake, na nilikuwepo. Kwa wiki mbili alituambia sote, mmoja mmoja, pamoja na mtu aliyekuja kutengeneza mashine ya kufulia. Kisha akaanza kulitumia kazini. Mgeni akikosa kibao, Tobias alitamka kwa upole, "Dhambi." Akikosa tena, "Dhambi ya pili." Ikafika mahali ofisi ikapokea barua kutoka kwa bibi mmoja wa Uswisi. Alikuwa ameipenda hoteli sana, ila alitaka kujua kwa nini mwalimu wa upinde alimhesabia dhambi arobaini na moja kwa siku moja. Meneja akampiga marufuku Tobias kulitumia neno hilo. Alitii. Siku hizi mgeni akikosa anatikisa kichwa tu, nasi tuliokuwepo wakati ule tunalisikia neno lenyewe.

Siku za mvua somo halifanyiki, lakini mahubiri yanafanyika barazani. Tobias husema upinde wa mvua ni upinde hasa, silaha ya vita, ambayo Mungu aliitundika mawinguni baada ya gharika kama askari anayetundika silaha yake ukutani akirudi nyumbani. Anataka mtu autazame vizuri. Umegeuziwa juu, hauilengi dunia, na hauna ugwe, ile kamba ya kuvutia. Kwa hiyo na yeye kila jioni, akifunga kazi, hulegeza ugwe wa kila upinde na kuzitundika ukutani zote sita. Stoo yake ndiyo safi kuliko zote hotelini, na nasema hivyo nikiwa mtu wa londri.

Yako mambo ambayo hayakumnyookea. Kima wa Diani walimwibia mishale kumi na minne katika kazi yake yote. Mmoja wao alikaa juu ya paa la mapokezi juma zima, mshale mkononi, na wageni wakampiga picha nyingi kuliko walizompiga Tobias. Meneja wetu wa nne alitobolewa kofia, ingawa kwa haki ni lazima niseme kofia hiyo ilikuwa kwenye kiti na meneja alikuwa baharini. Mgeni hajawahi kuumia hata mmoja. Kwa mchezo wa vitu vyenye ncha kali, mikononi mwa watu waliotoka kunywa madafu yenye kitu ndani yake, hilo ni jambo la kujivunia.

Na yuko mkewe, Veronicah, anayeshona sare za shule pale Ukunda, na binti zao wawili. Kuna zaburi inayosema watoto ni kama mishale mkononi mwa shujaa, na heri yake mtu aliyelijaza podo lake, mfuko wa mishale. Tobias aliipenda zaburi hiyo mpaka binti zake walipomaliza chuo. Sasa husema Mungu alimpa mishale miwili mizuri, iliyonyooka, na yote miwili imetua Nairobi, haiji hata Krismasi.

Sasa nifike kwenye ile miezi saba.

Mwaka 2014, kwa hofu ya ugaidi, ulikuwa mgumu Pwani nzima. Wageni walikuwa wachache, vyumba vilifungwa, wenzetu wengi walirudishwa makwao, na sisi tuliobaki tulianza kutazamana. Watu waliokula pamoja miaka ishirini wakawa wanaulizana nani anatoka wapi na nani anaswali wapi. Zamani hatukuyauliza mambo hayo, kwa sababu tulikuwa tunayajua na hayakutusumbua.

Mchana mmoja wa mwezi wa Aprili tulikuwa mezani. Mwero, ambaye hupenda kumchokoza Tobias kama mtu anavyochokoza redio ili ilie, akamuuliza ni nani mpiga upinde wa kwanza katika Maandiko. Tobias akajibu bila kufikiri.

"Ismaili. Mtoto wa kijakazi, aliyefukuzwa kwa baba yake. Ilisemwa atakuwa kama punda-mwitu, mkono wake juu ya kila mtu, na mkono wa kila mtu juu yake."

Pengine mwaka mwingine ningeendelea kula. Mwaka ule niliweka kijiko chini.

"Mwalimu," nilimwambia, "huyo unayemsema ni Nabii Ismaili, na sisi tunamhesabu kuwa wetu. Niambie, mimi nimekunyooshea mkono lini?"

"Mimi nasema kilichoandikwa tu, Mama Nusaiba."

"Basi ukisoma usiwe unashukia njiani. Soma mpaka mwisho."

Akasema amekwisha kuisoma habari hiyo mpaka mwisho zaidi ya mara kumi. Nikamwambia mtu akisoma mara kumi na kila mara akaona matusi tu, basi tatizo ni macho. Watu wakacheka. Tobias akaona haya, na haya yake ikageuka hasira, akasema kuna watu wanaotafuta ugomvi hata ndani ya sahani ya wali. Nilichukua sahani yangu nikaenda kumalizia londri, katikati ya mataulo.

Kuanzia siku hiyo hatukusalimiana. Nilikuwa nikimwona kwa mbali akiwafundisha wageni wawili watatu waliokuwepo, nami nikapitia nyuma ya jiko. Yeye akiwa na nguo za kuleta, alimtuma mtu. Na hapa nakiri mbele ya wafanyakazi wote jambo ambalo baadhi yao walilishuku. Sare ya Tobias, kwa muda wa miezi saba, ilitiwa wanga mara tatu kila ilipofuliwa. Ilikuwa inaweza kusimama yenyewe. Alikuwa akivuta upinde, mkono wa shati ukilia kama karatasi, na hakulalamika hata siku moja.

Mwezi wa Novemba mwanangu Nusaiba, aliyekuwa na miaka tisa, alishikwa na malaria, nayo ikampanda kichwani. Tulimfikisha hospitali ya Msambweni akiwa hamtambui mtu yeyote. Mume wangu Zahoro, ambaye ni dereva wa lori, alikuwa safarini upande wa Tanga. Nilikuwa na dada yangu Husna tu. Siku mbili mtoto hakufumbua macho. Siku ya tatu asubuhi, tukiwa tumemshika, alianza kutetemeka mwili mzima, meno yameumana, na wauguzi wakaja mbio wakatuambia tuwapishe.

Husna alisogea hatua mbili akasimama ukutani. Mimi niliendelea kwenda. Nilitoka nje ya wodi, nikapita mahali wanapoanika nguo, nikaenda mpaka kwenye ua wa mwisho, nikakaa chini nikiupa mlango mgongo. Nilikuwa nimejiambia kwamba nisipoona, halitatokea. Sijui nilikaa muda gani. Nilikuwa nikilia bila sauti, kwa sababu nilidhani sauti ingempa mtu ruhusa ya kuja kunipa habari.

Nikasikia hatua. Alikuwa Tobias, katika sare yake ya kazi. Alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku ili aje kumtazama mgonjwa. Alikuwa amepitia wodini, Husna akamwonyesha nilikoelekea. Hakuniamkia. Alisimama akageuka kuutazama mlango wa wodi, akanitazama mimi, na niliona midomo yake ikimalizia hesabu.

"Hatua mia moja na kumi na mbili," alisema.

"Za nini?"

"Kutoka kitandani kwa mtoto mpaka hapa." Alichuchumaa, si karibu sana. "Mama Nusaiba, uliniambia nisome mpaka mwisho. Nimekuwa nikisoma. Yule mama alipofukuzwa na mtoto wake jangwani, maji yaliisha. Akamlaza mtoto chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali. Imeandikwa ni mbali kiasi cha mshale kufika. Alisema asimwone mtoto akifa."

Nilishika nyasi zilizokuwa miguuni nikazing'oa.

"Mimi nimeupita mstari huo miaka ishirini," Tobias aliendelea. "Kila mara nilikuwa nikijiuliza walitumia upinde wa aina gani, mpaka nipate umbali wenyewe. Sikuwahi kumfikiria yule mama aliyekaa pale."

Shingoni, mahali kola ilipogusa, alikuwa na alama nyekundu imemzunguka kama uzi. Nilijua imetoka wapi. Nilitaka kusema kitu juu ya hiyo alama, nikashindwa, nikasema kingine.

"Kisha ikawaje?"

"Mama alipaza sauti akalia. Lakini imeandikwa Mungu alisikia sauti ya mtoto, pale pale mtoto alipokuwa. Mama akaambiwa ainuke, amwendee, amshike mkono."

"Kwetu sisi Bi Hajara hakukaa," nilimwambia. "Kwetu alikimbia. Baina ya vilima viwili, mara saba, akitafuta maji."

Tobias alifikiri kidogo. Ni mtu ambaye hata mahali kama pale hawezi kupewa habari mpya ya Maandiko akaiacha ipite.

"Mara saba," alisema. "Basi wewe umechelewa, hata mara moja hujakimbia. Inuka twende."

Nilicheka. Ninajua haikuwa siku ya kucheka, lakini nilicheka huku kamasi zinanitoka, na nilipocheka miguu ikapata nguvu. Tulirudi pamoja zile hatua mia moja na kumi na mbili. Nusaiba alikuwa ameacha kutetemeka, amechomwa sindano, amelazwa ubavu. Muuguzi alikuwa akimfuta uso. Nilimshika mkono, sikuuachia mpaka jioni. Tobias alikaa kwenye benchi la nje akaomba dua kwa lugha yao, na Husna naye ndani akisoma kwa lugha yetu. Zahoro alipofika saa kumi, vumbi la barabara miguuni, Tobias ndiye aliyemwonyesha kitanda. Kisha akaaga akaenda zake.

Siku ya nne mchana Nusaiba alifumbua macho, akauliza kama kuna mkate wa kumimina. Daktari alisema dawa imefanya kazi. Mimi nilisema alhamdulillahi, na sioni kwamba kauli hizo mbili zinagombana.

Niliporudi kazini hatukuombana msamaha kwa maneno. Sare yake ilirudi laini, akainusa, akaivaa. Mchana wake, mezani, Tobias alisimama. Akasema mwezi wa Aprili alisimulia habari moja hapa akaikata, na sasa ataisimulia yote. Akaisimulia tangu mwanzo: kijakazi, jangwa, kichaka, ule umbali wa mshale, kisima kilichoonekana, na jinsi Mungu alivyokuwa pamoja na mtoto huyo mpaka akakua akawa mpiga upinde. "Kabla hajaushika upinde," alisema, "mama yake alikwisha kuupima urefu wa mshale kwa miguu yake." Alimtaja kwa jina la Nabii Ismaili, kama tunavyomtaja sisi, na akaongeza vile vilima viwili akisema amevipata kwa Mama Nusaiba. Wali wa watu wote ulipoa. Mwero alisema baadaye kwamba tulipokuwa tumenuniana, angalau chakula kililiwa kikiwa moto.

Tangu siku ile, zikiisha dakika za usalama, somo lake la upinde huanza na habari hiyo, hata mgeni awe na haraka ya ndege. Nusaiba yuko mwaka wa pili chuoni, anasomea uuguzi. Tobias humwita mshale wake wa tatu, na hujisifu kwamba huo haukupotelea Nairobi.

Nisimalize bila kutaja wakati wa korona. Hoteli ilifungwa miezi minane, tukabaki wachache wa kulinda mali, Tobias akiwa mmoja wetu. Siku zile alianza kuvaa shingoni medali aliyopewa zamani na mgeni Mtaliano, yenye sura ya mtakatifu Sebastiani, ambaye kwao ni msimamizi wa wapiga upinde. Huyo alikuwa askari wa Roma aliyefungwa mtini kwa ajili ya imani yake, wapiga upinde wakamtia mishale mpaka wakadhani amekufa. Mjane mmoja akamchukua akamuuguza akapona. Wakristo wa kale, Tobias alitueleza, waliufananisha ugonjwa wa mlipuko na mishale inayotoka mahali usipopaona, kwa hiyo wakawa wanamwomba huyu aliyekwisha kuchomwa.

Nilimuuliza inawezekanaje msimamizi wa wapiga upinde awe mtu aliyepigwa. Si wangechagua aliyepiga?

"Anayepiga anaujua mshale unapoondoka," alinijibu. "Huyu aliujua unapofika. Mwenye kushika upinde anahitaji mtu wa kumkumbusha hilo."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko nilivyomwambia. Ukimsifu Tobias usoni, saa nzima inapotea.

Mafanikio yake mengine yako kwenye faili, nayo ni mengi. Amewafundisha wageni zaidi ya elfu ishirini, kwa hesabu ya daftari lake. Ametengeneza kwa mikono yake vibao vyote vya shabaha tulivyonavyo. Amekuwa katibu wa chama chetu cha kuzikana kwa miaka kumi na tisa, na hakuna mfiwa aliyewahi kufiwa peke yake. Kanisani kwao Ukunda amekuwa katekista, na nasikia huko pia hamalizi kwa wakati.

Nafasi yake anaichukua Lennox, kijana aliyetoka Kisumu miaka mitatu iliyopita, hodari, mwenye mkono mtulivu na ulimi wa haraka. Mwanzoni hawakuelewana. Lennox alikuwa akimwambia mbele ya watu, "Mwalimu, wasee wamekuja kulenga, stori ni baadaye." Tobias akamwambia ajaribu kufundisha bila stori. Lennox alifundisha bila stori kwa wiki moja. Wageni walilenga vizuri kabisa, wakashukuru, na hakuna hata mmoja aliyerudi kesho yake. Wiki ya pili nilimsikia Lennox akiwasimulia Wajerumani wawili habari za mfalme aliyejibadilisha mavazi. Alikuwa amemvisha yule mfalme kofia ya pikipiki, lakini Tobias, aliyekuwa nyuma ya ua akisikiliza, hakumsahihisha.

Alhamisi iliyopita, saa tatu asubuhi, Tobias alifika uwanjani kwa zamu yake ya mwisho. Wageni watano walikuwa wamejipanga. Badala ya kusimama mbele, alimkabidhi Lennox filimbi, akaenda kusimama mwisho wa mstari, mtu wa sita, akashika upinde kama mgeni. Tulikuwa tumetoka wengi kuja kutazama: londri, jikoni, mapokezi. Lennox alipita akimrekebisha mmoja mmoja. Alipofika kwa Tobias alisita. Tuliona akijiuliza kama apite tu. Kisha akanyoosha kidole kimoja, akagusa mkono wa yule aliyemfundisha.

"Kiwiko, Mwalimu," alisema. "Kimeshuka."

Tobias akainua kiwiko. Hakusema neno, jambo ambalo sote tutalikumbuka. Akavuta, akatulia, akafyatua, na mshale ukatua kwenye duara la bluu, si katikati wala si pembeni. Akaenda mwenyewe kuuchomoa, akaufuta kwa leso, akampa Lennox.

Bwana Tobias, unarudi Kibwezi na Bi Veronicah, kwenye shamba la pojo na nyumba mliyoijenga kidogo kidogo. Sisi wa Mwambani, wa kanisani na wa msikitini, wa bara na wa pwani, tunakushukuru kwa mkono wako, kwa subira yako, na hata kwa dakika zetu ulizozichukua bila kurudisha. Mwenyezi Mungu akupe afya, usingizi mzuri na majirani wanaopenda kusikiliza. Maisha yako ya mbele yawe mema, ndugu yetu. Ukipita Diani, sare yako iko londri, imepigwa pasi, laini.

Khamisa Mwakulola
Idara ya Udobi, kwa niaba ya wafanyakazi wote